Daktari Mtanzania aliyehudumu Mubende

*Dk Mohammed Ali alifariki dunia kwa Ebola nchini Uganda mwaka 2022, mbali na kwao. Ukisimama Mapinga, wilayani Bagamoyo, mahali ambapo mgonjwa hupokelewa na yeyote aliye karibu, kifo chake kinauliza swali ambalo nchi haijalijibu: wanaotangulia mbele ya janga, nani anawakumbuka, na waliowaacha wanaishije?*

Ukitoka Bunju ukavuka Mto Mpiji, Dar es Salaam imeishia hapo na Mkoa wa Pwani umeanza. Hapo ndipo Mapinga. Kando ya lami kuna maduka ya vifaa vya ujenzi, mafundi matofali, mama lishe na vijiwe vya bodaboda. Nyuma yake nyumba mpya zinaongezeka kila mwaka kati ya minazi na mikorosho. Mabasi yanayokwenda Tanga, Moshi na Arusha kwa njia ya Msata hupita hapo hapo.

Mgonjwa wa ghafla katika vitongoji kama hivi ni nadra kufika zahanati kwa gari la wagonjwa. Hufika kwa mshikaki: dereva wa bodaboda mbele, mgonjwa katikati, ndugu nyuma amemkumbatia kiunoni asidondoke. Akifika, wote waliopo humshika kwa mpigo, dereva, ndugu, mlinzi wa getini na muuguzi wa zamu. Kisha yanafuata maswali yaleyale. Homa imeanza lini? Ametapika? Anaharisha? Ametoka wapi?

Swali la mwisho ndilo zito kuliko yote. Kwa muuguzi, jibu lake linaweza kutenganisha malaria ya kila siku na kitu kingine kabisa. Lakini mara nyingi huulizwa mkono ukiwa tayari kwenye paji la uso la mgonjwa.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokwenda Mubende.

Jumamosi ya Oktoba mosi

Mubende ni mji ulio kwenye barabara ya kutoka Kampala kwenda Fort Portal, katikati ya Uganda. Septemba 2022 ilifika katika hospitali yake ya rufaa familia iliyomleta kijana wa miaka 24 kutoka kijiji cha Ngabano, akiwa na homa kali, anaharisha na kutapika damu. Alitibiwa kwanza magonjwa mengine. Alifariki Septemba 19. Kesho yake Wizara ya Afya ya Uganda ikatangaza kwamba sampuli yake imeonyesha Ebola, aina ya Sudan.

Vifo vya kutatanisha vilikuwa vimeshatokea vijijini tangu mapema mwezi huo. Maana yake, kabla jina la ugonjwa halijajulikana, wapo waganga na wauguzi waliokuwa wameshawashika wagonjwa wakidhani wanapambana na homa za kawaida.

Dk Mohammed Ali alikuwa na umri wa miaka 37. Alikuwa Uganda akisomea shahada ya uzamili ya upasuaji katika Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala, na alihudumia wagonjwa Mubende. Septemba 26 kipimo chake kilionyesha Ebola. Alitibiwa katika Hospitali ya Rufaa ya Fort Portal, na Jumamosi, Oktoba 1, Waziri wa Afya wa Uganda, Dk Jane Ruth Aceng, akatangaza kifo chake: daktari wa kwanza na mhudumu wa afya wa pili kupotea katika mlipuko ule.

Kutoka kipimo hadi kifo, siku tano.

Katika siku hizo hizo Uganda ilitangaza wahudumu wa afya sita walioambukizwa: madaktari wanne, mtaalamu wa dawa za usingizi na mwanafunzi wa udaktari. Ni orodha ya watu ambao kazi yao haifanyiki kwa mbali. Daktari wa upasuaji hawezi kumwuliza mgonjwa maswali akiwa upande wa pili wa dirisha. Mikono yake huingia ndani ya damu, na kirusi cha Ebola husafiri kwa damu, matapishi, jasho na majimaji mengine ya mwili wa mgonjwa au maiti.

Jambo hili halisemwi vya kutosha: katika hospitali nyingi za mafunzo za ukanda huu, anayelala wodini ni kijana anayesoma. Bingwa hupita asubuhi, akatoa maelekezo, akaondoka. Saa nane za usiku, mgonjwa anapobadilika, anayeitwa ni daktari wa mafunzo kazini au mwanafunzi wa uzamili. Kwa hiyo janga linapoingia kimyakimya, linamkuta yeye kwanza.

Mlipuko ulipotangazwa kuisha Januari 11, 2023, hesabu ilikuwa wagonjwa 142 waliothibitishwa na 55 kati yao wamefariki, mbali na vifo vingine 22 vilivyohesabiwa kuwa huenda vilitokana na Ebola. Wahudumu wa afya walioambukizwa walikuwa 19. Saba walikufa.

> Saa nane za usiku, mgonjwa anapobadilika, anayeitwa ni kijana anayesoma. Janga linamkuta yeye kwanza.

Rafiki asiyeruhusiwa kubeba jeneza

Katika pwani hii, urafiki hupimwa msibani. Rafiki wa marehemu hafiki kuketi tu kwenye jamvi. Anapewa kazi. Wapo wanaokwenda kuchimba kaburi, wapo wanaosaidia kuosha na kukafini, na jeneza linapotoka wanaume hupokezana bega kwa bega hadi makaburini, kila mmoja akitaka japo hatua chache za thawabu. Wanawake hushika jikoni na kukaa na mfiwa usiku. Halafu khitma, halafu arobaini. Majirani Wakristo nao wana mkesha wao na ibada yao, na Mapinga ya leo, iliyojaa watu kutoka kila pembe ya nchi, imezoea kuzikana bila kuulizana dini.

Ebola huzuia yote hayo. Mwili wa aliyekufa kwa ugonjwa huo una virusi vingi kuliko wakati wowote wa uhai wake, na kuosha maiti ni mojawapo ya njia ambazo milipuko imeenea vijijini, kuanzia Gulu, kaskazini mwa Uganda, hadi Afrika Magharibi. Anayezika ni kikosi cha watu waliofunikwa kuanzia utosini hadi unyayoni, wenye pampu za dawa ya klorini. Ndugu na marafiki husimama mbali. Wengine hawafiki kabisa.

Kwa hiyo aliyefiwa na rafiki kwa njia hii anabaki na deni ambalo mila yake haikumpa nafasi ya kulilipa, na ndiyo sababu kumbukumbu ya watu kama Dk Ali haiwezi kuachiwa familia peke yake. Kama mikono ya jamaa haikuruhusiwa kufanya kazi yake, taifa lina wajibu wa kuweka kitu mahali pake: jina, siku, na riziki ya waliobaki. Hadi sasa ukiwauliza vijana wa Bagamoyo ni nani Mtanzania aliyekufa akiwahudumia wagonjwa Mubende, utapata wachache sana wenye jibu. Shuleni habari zake hazifundishwi. Hilo ni kosa letu sote, na sisi wa magazeti tumo.

Gulu, usiku wa kuamkia Novemba 20

Miaka 22 kabla ya Mubende, Ebola ya aina ileile ya Sudan iliingia kaskazini mwa Uganda. Aliyeikabili alikuwa Dk Matthew Lukwiya, mganga wa Hospitali ya Mtakatifu Maria, Lacor, nje kidogo ya mji wa Gulu.

Lukwiya alizaliwa Kitgum mwaka 1957. Baba yake, mchuuzi wa samaki, alikufa maji mtoto akiwa na miaka 12. Alisoma kwa ufadhili baada ya ufadhili, akafika Lacor kwa mafunzo ya kazi mwaka 1983, na baadaye akaenda Liverpool kusomea tiba ya watoto. Angeweza kubaki Ulaya. Alirudi katika hospitali iliyozungukwa na vita. Ijumaa Kuu ya mwaka 1989 waasi walivamia Lacor wakitaka kuwachukua wauguzi. Lukwiya aliwaambia wamchukue yeye. Walimtembeza porini wiki nzima akiwa na koti lake la udaktari, ndipo wakamwachia.

Oktoba 2000 alikuwa Kampala, akisoma Chuo Kikuu cha Makerere, simu ilipopigwa kutoka Lacor. Ugonjwa usiojulikana ulikuwa umeua wanafunzi wa uuguzi. Alisafiri siku hiyohiyo. Usiku alikaa na mafaili ya wagonjwa 17, akayapitia moja moja, akaona mambo yanayofanana: homa, kutapika, damu, na dawa zote hazishiki. Alihisi ni homa ya kutoka damu inayosababishwa na kirusi. Hakusubiri barua ipande ngazi za ofisi. Aliwasiliana moja kwa moja na wakubwa wa Wizara ya Afya Kampala. Wataalamu wa kimataifa walipofika, walikuta wodi ya kutenga wagonjwa imeshafunguliwa na wauguzi wameshavishwa.

Wodi hiyo iliwala wauguzi wenyewe. Mwishoni mwa Novemba, baada ya kuzika wenzao kila baada ya siku chache, wafanyakazi walikusanyika ukumbini wakiwa na hasira na hofu. Walikuwa na haki ya vyote viwili. Lukwiya alikwenda kuzungumza nao. Hakuwatisha kwa barua za kufukuzwa kazi. Aliwaambia anayetaka kuondoka aondoke, yeye atabaki na wagonjwa hata kama ni peke yake. Mkutano ulichukua saa nyingi. Wengi walirudi wodini.

Lakini kirusi kilikuwa kimeshamwingia. Alfajiri ya Novemba 20, yapata saa kumi, aliamshwa. Muuguzi mmoja wa wodi ile, ambaye sasa alikuwa mgonjwa, alikuwa ametoka kitandani akivuja damu, amechanganyikiwa, wauguzi wenzake wakiogopa kumsogelea. Lukwiya alivaa gauni, kofia, barakoa na glavu mbilimbili. Hakuvaa miwani ya kinga. Alimrudisha mgonjwa kitandani na kumsafisha. Muuguzi yule hakuuona mchana.

Siku sita baadaye Lukwiya alishikwa na homa. Desemba 5, 2000, alifariki dunia akiwa na miaka 43, akamwacha mkewe Margaret na watoto. Alizikwa ndani ya eneo la hospitali, pembeni mwa kaburi la Dk Lucille Teasdale, mwanamke aliyeiendeleza Lacor pamoja na mumewe Piero Corti. Mlipuko ulipoisha Februari 2001 ulikuwa umewapata watu 425 na kuua 224. Waliobaki walipona, na wanaoijua kazi ya magonjwa ya mlipuko wanakubaliana kwamba bila usiku ule wa mafaili 17 hesabu ingekuwa nyingine.

Lukwiya anakumbukwa. Lacor inalitunza kaburi lake, na wanafunzi wa udaktari Uganda wanalijua jina lake. Anakumbukwa kwa sababu alikuwa na taasisi nyuma yake, hospitali iliyoamua kwamba mtu huyu hatasahaulika. Mwanafunzi wa uzamili aliyekufa katika nchi ya wenzake hana taasisi ya namna hiyo, isipokuwa tukiamua kuwa sisi.

Vifaa au maneno

Siku zilezile Dk Ali alipokuwa akipigania uhai, madaktari wa mafunzo kazini wa Mubende walikuwa wamesusa kazi. Walisema wanawekwa mbele ya Ebola bila vifaa kinga vya kutosha na kwamba baadhi yao wameshakutana na wagonjwa mikono mitupu. Upande wa pili, Septemba 28, Rais Yoweri Museveni alilihutubia taifa akasema serikali ina uwezo wa kuudhibiti ugonjwa na hakuna haja ya kufunga shughuli. Wiki mbili na ushei baadaye, Oktoba 15, wilaya za Mubende na Kassanda zilifungwa.

Ni haki kuitazama hoja ya serikali bila kuipuuza. Taharuki nayo huua. Mgonjwa akisikia hospitali ni mahali pa kufia, hutoroka usiku kwa bodaboda na kupeleka kirusi kijiji cha pili. Waziri anayezungumza kwa utulivu anajua hilo. Tatizo ni pale utulivu unaposemwa na mtu aliye mbali na kitanda, halafu ukaagizwa kwa mtu aliye karibu nacho ambaye boksi lake la glavu limeisha.

Kenya ilipata somo lake wakati wa Uviko. Dk Stephen Mogusu, kijana wa miaka 28, alifanya kazi katika kituo cha kutenga wagonjwa Machakos. Alifariki Desemba 7, 2020. Ilibainika kwamba alikuwa hajalipwa mshahara kwa miezi mitano, na mkataba aliokuwa nao haukuwa na bima. Chama cha madaktari cha nchi hiyo kilikuwa kimeshatangaza mgomo. Kifo cha Mogusu kikauwashia moto, na kabla ya mwezi kuisha madaktari walikuwa wameweka zana chini. Kijana yule hakufa kwa sababu ya mshahara. Lakini taifa liliposimama kumsifu, mshahara wake ambao haukulipwa ulisimama pale pale, na sifa zikakosa pa kukaa.

Nasi Tanzania tumepita huko. Machi 21, 2023, serikali ilitangaza virusi vya Marburg, ndugu wa Ebola, katika Mkoa wa Kagera. Waliougua walikuwa tisa, wakafa sita, mhudumu wa afya akiwa miongoni mwao. Januari 2025 Marburg ikarudi, safari hii Biharamulo. Januari 14 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuhusu wagonjwa wanaoshukiwa. Muda mfupi baadaye wizara ikasema sampuli zilizopimwa hazijaonyesha ugonjwa huo. Januari 20 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa na mkuu wa shirika hilo, Tedros Adhanom Ghebreyesus, alithibitisha kwamba upo. Mlipuko uliisha Machi 13; kumi walikuwa wamekufa.

Maabara ina taratibu zake, na kipimo cha kwanza kinaweza kusema hapana ugonjwa ukiwepo. Hata hivyo, kwa muuguzi wa Biharamulo siku sita za kusitasita ni zamu sita. Tahadhari ingeanza kwa shaka tu, bila kungoja uthibitisho, hakuna ambaye angepoteza kitu zaidi ya boksi kadhaa za glavu.

Sheria inamjua nani

Tanzania Bara ina Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Sura ya 263, na mfuko wake, WCF, unaopokea michango ya waajiri tangu Julai 2015. Leo mwajiri, awe wa umma au binafsi, huchangia asilimia 0.5 ya mishahara anayolipa. Mfanyakazi akifa kwa ajali au ugonjwa uliotokana na kazi, wategemezi wake hulipwa, na gharama za mazishi nazo zimo. Ni sheria nzuri. Muuguzi aliyeajiriwa na halmashauri anajua pa kuanzia.

Sasa rudi kwenye wale watu wanne waliomshika mgonjwa kwa mpigo. Dereva wa bodaboda hana mwajiri. Wengi hata pikipiki si yao, wanapeleka hesabu kwa tajiri jioni. Ndugu hana anayemlipa. Mlinzi, kama ni kibarua wa kampuni isiyopeleka michango, atakuwa na safari ndefu ya kudai haki yake. Kati ya wanne, sheria inamtambua mmoja bila maswali.

Januari 31, 2024, Makamu wa Rais wa wakati huo, Dk Philip Mpango, alizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Lengo ni kuwafikisha 137,294 kwa miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji au mtaa. Ni hatua kubwa, na inafika hadi vitongoji vya Mapinga. Hawa ndio watakaobisha hodi nyumba ambayo watoto watatu wanaharisha kwa pamoja. Hawa ndio watakaomwona mgeni aliyeshuka kwenye basi juzi akiwa na macho mekundu. Lakini wanacholipwa ni posho. Fidia inayojengwa juu ya mshahara inamkuta mtu wa posho akiwa ukingoni, na mwanafunzi wa udaktari aliye nje ya nchi yake akiwa ng'ambo kabisa.

> Kati ya watu wanne wanaomshika mgonjwa getini, sheria inamtambua mmoja bila maswali.

Wapo wanaopinga kuifungua zaidi milango hiyo, na hoja yao ina uzito. Wanasema hazina haiwezi kumlipa kila aliyenyoosha mkono, na kwamba ahadi ya fidia itawavuta wasio na mafunzo mahali pa hatari. Wanautaja mkasa wa Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, ambako lori la mafuta lililopinduka liliungua na kuua zaidi ya watu 100, wengi wakiwa wamelizunguka. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kila siku huomba watu wasogee nyuma na wapige 114.

Wanaojibu hutaja Bukoba. Novemba 6, 2022, wiki tano tu baada ya kifo cha Dk Ali, ndege ya Precision Air ilianguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa ndege. Walikuwamo watu 43. Waliofika mwanzo walikuwa wavuvi kwa mitumbwi yao. Kijana Majaliwa Jackson alitumia kasia kusaidia kuufungua mlango wa nyuma, kisha akaenda upande wa marubani, akapigwa na kamba iliyokatika na kuzinduka akiwa hospitali. Watu 24 walitoka hai; 19 walikufa. Majaliwa alipewa shilingi milioni 1 na mkuu wa mkoa, na Rais akaagiza aingizwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji apate mafunzo.

Uamuzi ule ulikuwa mzuri, na unaonyesha kwamba nchi ikitaka kumtambua aliyetangulia, inaweza kufanya hivyo ndani ya siku mbili. Majaliwa alikuwa hai, picha yake ikasambaa nchi nzima, na watu wakampenda. Aliyekufa kwenye wodi ya kutenga hana picha. Hakuna kamera inayoingia huko.

Bagamoyo inajua habari hii

Mji wa Bagamoyo, safari fupi kaskazini mwa Mapinga, unajua vizuri jinsi historia inavyochagua majina. Februari 1874 Chuma, Susi na wenzao waliufikisha hapo mwili wa mmisionari David Livingstone baada ya kuubeba miezi mingi kutoka ndani ya bara. Ukapelekwa London na kuzikwa Westminster Abbey Aprili 18 mwaka huo. Chuma na Susi hawakuwapo mazishini. Kati ya wabebaji, aliyekuwapo ni Jacob Wainwright. Wageni wanaotembelea misheni ya mji huo huonyeshwa mnara ulipolala mwili. Wengi wa waliowekewa mzigo mabegani hawajulikani hata kwa majina.

Wenzetu wamejifunza kufanya vinginevyo. New York, ambako wazima moto 343 walikufa Septemba 11, 2001, majina yote ya waliokufa siku ile husomwa kwa sauti kila mwaka. Na hawakuishia kwenye kusoma. Waokoaji wengine walipoanza kuugua mapafu miaka iliyofuata, ilipitishwa sheria ya kuwatibu na kuwalipa, ikapewa jina la James Zadroga, polisi aliyekufa mwaka 2006 baada ya kufanya kazi kwenye kifusi cha majengo yaliyoanguka siku ile. Haikupatikana kirahisi. Waokoaji walikwenda bungeni mara nyingi, wengine wakiwa na mitungi ya oksijeni.

Kwetu, mahali pa kuanzia panajulikana. Jina la Dk Mohammed Ali liandikwe ukutani katika chuo kimoja kikuu cha tiba hapa nchini, pamoja na la mhudumu wa Kagera na wengine waliokufa kwa ugonjwa walioushika mikononi, kwa ridhaa ya familia zao. Wabunge wanaoketi Dodoma waiulize serikali swali moja mahsusi: mhudumu wa afya wa ngazi ya jamii akifa kwa ugonjwa alioupata kazini, na mwanafunzi wa uzamili akifia wodini, watoto wao watalipwa na nani na kwa sheria ipi? Halmashauri ya Bagamoyo ina bajeti yake. Glavu za zahanati za vijijini zisiwe kifungu cha kwanza kukatwa.

Hatari yenyewe haijaondoka. Januari 30, 2025, Uganda ilitangaza tena Ebola ya Sudan, safari hii ndani ya Kampala. Mgonjwa wa kwanza kutambuliwa alikuwa muuguzi wa miaka 32 wa Hospitali ya Mulago, na alikuwa ameshafariki. Safari hii majaribio ya chanjo yalianza ndani ya siku nne, jambo ambalo Lukwiya na Ali hawakulipata. Chanjo iliyoidhinishwa ya Ebola iliyopo ni ya aina ya Zaire.

Nawe msomaji wa Mapinga, Kerege, Zinga au kwingine kokote, ukimpeleka mgonjwa wako zahanati, muuguzi akikuuliza mmetoka wapi, mwambie ukweli wote: safari ya Kagera, mazishi mliyohudhuria, mgeni mliyempokea. Mwambie kabla hajamgusa. Na ukiona ugonjwa usiouelewa kitongojini kwako, piga 199 bila malipo, umweleze anayepokea simu ulichokiona.